Mwani wa Kijani wa Kula: Kuutambua, Kuuvuna, Kuukausha na Kuupika

Ukitaja mwani Unguja au Kibuyuni, kijiji cha pwani ya kusini mwa Kenya, watu huelewa spinosum na cottonii, ile inayofungwa kwenye kamba, ikaanikwa na kuuzwa nje. Mwongozo huu ni wa mwani mwingine: ule wa majani mapana ya kijani, membamba kama mfuko wa nailoni, unaoota wenyewe juu ya mawe, magati na vigingi, na ambao wakulima wa mwani huubandua kwenye kamba zao na kuuacha uchukuliwe na maji. Jina lake la kitaalamu ni Ulva, na kwa umbo unafanana na jani la saladi lililolowa. Japani hukaushwa na kusagwa kuwa kiungo kiitwacho aonori. Hawaii huliwa mbichi na huitwa limu palahalaha. Pwani yetu haina mazoea ya kuupika, lakini unapatana vizuri sana na nazi, ndimu na kunde.

Jambo moja litangulie mengine yote. Pale unapouona umetanda kama zulia, mawe hayaonekani, unaweza kujaza kiroba bila kupiga hatua tatu, ndipo pasipofaa kuvuna. Sababu yake iko kwenye namna mwani huu unavyoishi, kwa hiyo tuanze na jani lenyewe.

Kulijua jani

Chukua jani moja, lisuuze kwa maji ya bahari, kisha liinue kuelekea jua. Kivuli cha vidole vyako kitaonekana upande wa pili. Jani zima lina safu mbili tu za seli zilizogandamana. Halina mshipa, halina bua, halina mzizi. Chini kabisa kuna kibandiko kidogo cha duara kinachoshika jiwe, basi. Lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada: jani zima lina utelezi kidogo lakini halichaniki kirahisi, wala halisagiki kuwa uji.

Huja kwa sura kadhaa, na zote zinaliwa. Kuna jani pana lenye mawimbi pembeni. Kuna lililogawanyika kuwa mikanda mirefu, Ulva fasciata, linalopenda mawe yanayopigwa na mawimbi. Kuna lenye matundu mengi hadi likafanana na wavu uliochakaa, Ulva reticulata. Hili ndilo hasa huzunguka kamba za wakulima na kunasa kwenye nyasi za baharini, mara nyingi bila kushika jiwe lolote. Na kuna lililokuwa mrija, kama utumbo wa kuku, linaloota sana pale maji baridi ya chemchemi yanapochuruzika ufukweni. Zamani mirija hii ilipewa jina lake peke yake, Enteromorpha. Mwaka 2003 wataalamu wa vinasaba waliirudisha kwenye Ulva.

Vinavyofanana nao si vingi, ila vijue. Nyasi za baharini zina mizizi mchangani na mistari kwenye jani. Ziache, maana humo ndimo samaki na kamba wanamokulia. Ule wenye vijani vigumu vya duara vilivyoungana kama shanga umejaa chokaa, na vipande vyake vikifa huwa sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe zetu, hautafuniki. Mwani wa kijani wenye vidole laini kama sponji, na ule unaotambaa mchangani kwa mikono mirefu wenye ladha ya pilipili, ni jamii nyingine zenye masharti yake; usiuchanganye kikapuni. Cha kuogopa ni nyuzi nyembamba nyeusi au za kahawia kama nywele zilizoloa, zinazojisokota juu ya majani. Hizo zinaweza kuwa Lyngbya, ambayo huwasha na kubabua ngozi, na ikiingia mdomoni huchoma. Jani lenye nywele hizo litupwe lote, wala usijaribu kulichambua.

Kazi yake pwani

Mwani huu ni wa kwanza kufika. Dhoruba ikipindua jiwe, au nanga ikikwangua mwamba, uso ulio wazi hupata rangi ya kijani kabla ya kitu kingine chochote. Unaweza hivyo kwa sababu kila seli ya pembeni mwa jani inaweza kugeuka kifuko cha vijimbegu vinavyoogelea kwa mikia yao midogo. Vikitoka, vinatafuta pa kushika, na kiwanja kimekaliwa. Jaribio la mwanaikolojia Wayne Sousa huko California, lililochapishwa mwaka 1979, lilionyesha kuwa Ulva ikishakaa kwenye jiwe huwazuia wenzake wekundu wanaokua polepole, mpaka kaa watakapokuja kuila na kuwafungulia nafasi.

Kwetu walaji ni wengi. Tasi, ambaye wengine humwita tafi au chafi, huchuma majani haya. Kasa wa kijani huyala. Konokono na kaa huyakwangua maji yakipwa, na katikati ya mikunjo hujificha vidudu vidogo vinavyorukaruka, ambavyo navyo ni chakula cha samaki wachanga. Jani likikatika na kuoza polepole, huliwa na waishio mchangani. Kwa hiyo kiasi fulani cha kijani mwambani ni dalili kwamba mezani kwao kuna kitu, na mvunaji ni mlaji mmoja tu kati ya wengi.

Sasa tatizo. Ulva hunyonya amonia na naitreti kutoka majini kwa kasi kubwa, na kwa kuwa jani lote ni safu mbili za seli, kila seli inaguswa na maji na inakula. Hakuna sehemu inayosubiri kulishwa na mzizi. Maji yakiwa na mbolea nyingi kutoka vyooni, mashambani au kwenye mabwawa, mwani huu hukua kuliko walaji wanavyoweza kuula, na hasa pale tasi na pono wameshavuliwa sana. Hapo hutanda, hufunika matumbawe machanga na nyasi za baharini, huziba mwanga, na ukifa kwa pamoja hunyang'anya maji hewa. Mwaka 2008, wiki chache kabla ya mashindano ya mashua ya Olimpiki, bahari ya Qingdao nchini China ilijaa Ulva hadi likahitajika jeshi kuiondoa, na iliyotolewa ilizidi tani milioni moja.

Mbolea hiyo haiji peke yake. Penye maji ya chooni pana vijidudu vya kuhara, na penye maji ya karakana pana risasi, kadimiamu na shaba. Ulva huvihifadhi vyuma hivi ndani ya jani, kiasi kwamba watafiti huitumia kupima uchafu wa bandari. Vijidudu utaviua kwa kuchemsha. Vyuma havitoki: si kwa kuosha, si kwa ndimu, si kwa moto.

Kuchagua mahali

Usivune karibu na bandari, gati la mafuta, karakana ya boti, mdomo wa mto unaopita mjini, bomba la maji taka au mtaro wa mvua. Mdomo wa Msimbazi Dar es Salaam, ufukwe wa Mji Mkongwe, na kingo za bandari ya Kilindini Mombasa ni mifano iliyo wazi, hata kama kijani chake kinapendeza macho. Nenda mbali na mji, upande unaopata maji ya bahari kuu kila yanapojaa. Mahali pazuri mawe yana mwani wa rangi mbalimbali, mwekundu, kahawia na kijani, na Ulva iko kwa mafungumafungu, si zulia. Konokono na kaa wanaonekana. Ukikanyaga mchanga na kuufukua kwa kidole cha mguu, chini si mweusi wala haunuki mayai viza.

Baada ya mvua kubwa za masika au vuli, acha kuvuna kwa wiki nzima hata mahali pazuri. Maji ya mvua huleta baharini kila kilichokuwa barabarani na mashimoni.

Hifadhi za bahari hazivunwi. Malindi na Watamu zililindwa tangu mwaka 1968, Mafia tangu 1995, na masharti hutofautiana kati ya eneo na eneo. Nje ya hifadhi, zungumza kwanza na kamati ya wavuvi ya shehia au BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe, ya hapo. Hata pasipokuwa na katazo, kuna wanawake wanaookota chaza na kuwinda pweza kwenye miamba ileile. Si vizuri wakukute umeshakata bila salamu.

Siku na saa

Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa kabisa yapata saa nne asubuhi kwenye pwani yetu, na mwamba unabaki wazi muda mrefu. Teremka na maji yanayopwa, saa moja na nusu kabla hayajafika mwisho, uvune huku majani bado yako ndani ya maji ya goti au ndiyo kwanza yameachwa. Jani lililokaa juani saa mbili limeshaanza kukauka pembeni na litakuwa na ladha kali.

Bamvua lina shida yake: mara nyingi ndizo siku Ulva inapotoa vijimbegu. Angalia ukingo wa jani kabla ya kukata. Kama pembeni pamegeuka rangi ya zeituni au manjano, jani liko karibu kutoa. Kama ukingo ni mweupe na mwembamba kama utando wa kitunguu, limeshatoa, na sehemu hiyo ni seli tupu. Majani hayo yaache yamalize kazi yake. Unataka jani la kijani kimoja kutoka chini hadi juu, urefu wa kiganja hadi wa mkono mpaka kiwiko; makubwa kuliko hapo huwa magumu na huwa na wapangaji wengi.

Kukata

Beba mkasi, pakacha au kikapu kinachovuja, ndoo ya kuchotea maji, kitambaa cha pamba na viatu vya kukinga miba. Mfuko wa plastiki uliofungwa usiutumie: ndani yake mwani hupata joto, na kwa saa moja umekuwa utelezi.

Shika jani, vuta kidogo lijinyooshe, kata ukiacha vidole vitatu juu ya jiwe. Kibandiko kikibaki na kipande cha jani, huota tena. Ukiking'oa umetoa mwani na nafasi yake. Kata jani moja kati ya matatu, kisha sogea. Usimalize fungu hata kama ni zuri kuliko yote. Kila jani likung'ute ndani ya maji hapohapo mara mbili tatu, ili vidudu na konokono wadogo warudi kwao na mchanga uanguke. Ulva inayoelea inafaa tu kama maji ni safi, ina rangi kamili na umeichota ikiwa majini. Iliyokwisha kutupwa ufukweni si chakula, hata kama imetupwa asubuhi hiyohiyo.

Kwa familia ya watu wanne, nusu kilo mbichi inatosha mlo mmoja na kubakiza kidogo cha kukausha. Funika kikapu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya bahari, weka kivulini, na ufike nyumbani ndani ya saa mbili au tatu. Usiuloweke ndooni kwenye maji yaliyotulia ukasema utauosha kesho. Mshtuko wa joto na giza huufanya utoe vijimbegu: unaamka unakuta maji yamekuwa ya kijani kama rangi ya nguo, na majani yamebaki matambara.

Kuosha bila kuharibu

Osho la kwanza na la pili ni kwa maji ya bahari, yale uliyobeba kwenye ndoo. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanapoingia kwenye seli zilizozoea chumvi, seli huvimba na kupasuka, jani hutoa ute na kupoteza ladha. Ndiyo maana maji ya bomba huja mwisho, na kwa muda mfupi.

Jaza beseni, tia mwani kiasi kidogo, uchezeshe kwa vidole vilivyoachana, kisha uunyanyue juu na kuuweka kwenye beseni la pili. Kosa la kawaida ni kumwaga maji mwani ukiwa ndani: mchanga wote uliokwisha kutua chini unarudi juu ya majani. Nyanyua mwani, ndipo umwage. Rudia mpaka ukipitisha kidole chini ya beseni usisikie chembe. Kwa kawaida ni mara tatu. Ule wenye matundu ya wavu huchukua mara nne au tano. Mwisho uchovye kwenye maji baridi safi kwa nusu dakika, ukamue taratibu kwa kiganja kama unavyokamua nguo ya mtoto, na uutandaze.

Kwenye friji, ukiwa umefungwa kwa kitambaa chenye unyevu, unakaa siku mbili. Ukianza kunuka na vidole vikitoka na rangi ya kijani, umeshaharibika.

Kukausha

Kilo moja ya mwani uliokamuliwa hutoa kati ya gramu 120 na 200 kavu. Nyingine yote ni maji. Andaa chanja lenye wavu mdogo, juu ya usawa wa kiuno, mbali na barabara ya vumbi na kuku. Kuanika mchangani au kwenye jamvi lililowekwa chini ni kujitafutia kutafuna mchanga miezi sita.

Tandaza majani yasipandane. Jua la asubuhi linafaa; kuanzia saa tano weka kivuli chepesi, kitambaa au kuti, huku upepo ukipita. Jua kali la mchana huunguza ukijani, na mwani unakuwa rangi ya nyasi kavu wenye ladha ya karatasi. Baada ya saa mbili geuza, na ubandue yaliyoshikana, kwani jani lililogandana na jingine hubaki na unyevu katikati na huota ukungu ndani ya chupa wakati nje linaonekana zuri. Wakati wa kaskazi siku moja inatosha. Msimu wa kusi wenye manyunyu, maliza kwa oveni iliyofunguliwa kidogo, nyuzi joto 50 hadi 60, au kwenye kikaango kikavu juu ya jivu la moto, si juu ya mwali.

Umekauka pale ukiukunja unavunjika kwa sauti na kuacha unga vidoleni. Ukipinda bila kuvunjika, bado. Usage kwa kinu kikavu, uupitishe kwenye chekecheke, na ujaze kwenye chupa ndogo kadhaa badala ya moja kubwa. Hewa ya pwani ina unyevu, na kila unapofungua chupa unauingiza. Chupa ndogo huisha kabla haijaharibika. Ziweke gizani. Rangi ikibaki kijani, ladha ipo. Kwa kawaida ni miezi sita.

Jikoni

Chumvi isitiwe mpaka mwisho, baada ya kuonja. Mwani wenyewe una ya kutosha, na wengi wanaosema haufai wameukolezea mara mbili.

Harufu pia ina kanuni yake. Ulva ina kemikali ambayo kwenye moto hugeuka gesi yenye harufu ya ufukwe uliokupwa. Kidogo huleta utamu wa samaki. Ukichemsha nusu saa sufuria imefunikwa, jikoni hapakaliki. Kwa hiyo pika kwa muda mfupi na sufuria wazi.

Kwa mwani wa nazi wa watu wanne, chukua gramu 300 za mwani mbichi, nazi moja kubwa, kitunguu kimoja, nyanya mbili, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, pilipili mbichi moja na ndimu. Ikune nazi, kamua tui zito, kisha kamua tui la pili kwa vikombe viwili vya maji moto. Tumbukiza mwani kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, uutoe, uukamue, na uukatekate upana wa nusu kidole. Kukatakata huku usikuruke: jani la Ulva haliyeyuki kama mchicha, na likiachwa refu hujivuta mdomoni kama utepe. Chemsha tui la pili na kitunguu, nyanya, bizari na pilipili mpaka nyanya zilainike. Tia mwani, dakika tano. Punguza moto, mimina tui zito, koroga mfululizo upande mmoja hadi lianze kutokota tu, epua. Tui zito likichemka sana hukatika na mafuta yakajitenga. Ndimu huingia baada ya kuepua, maana ikiingia mapema mwani hugeuka rangi ya kaki.

Kwenye bajia za kunde ndipo unga mkavu unapong'aa. Loweka vikombe viwili vya kunde zilizokobolewa kwa saa tano, chuja vizuri, saga kwa maji machache iwezekanavyo. Piga mchanganyiko kwa mkono dakika kumi; ukitonesha tone kwenye glasi ya maji na likaelea, hewa imeingia. Tia kitunguu kilichokatwa ndogondogo, vitunguu saumu punje tatu, pilipili, na vijiko vitatu vikubwa vya mwani mkavu uliovunjwavunjwa. Mwani huo utanyonya maji, kwa hiyo subiri dakika tano. Ukiona unga umekuwa mgumu ongeza kijiko kimoja cha maji. Kaanga kwenye mafuta yenye kina, moto wa wastani. Ukivunja bajia iliyoiva utaona ndani madoa ya kijani kibichi na mvuke wenye harufu ya bahari. Ukitumia mwani mbichi hapa, ukamue mpaka usitoe tone, la sivyo mafuta yataruka na bajia zitabaki na unyevu katikati.

Kachumbari ni rahisi: mwani uliochovywa maji ya moto dakika mbili na kupozwa, nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, ndimu, pilipili. Ule hapohapo. Hawaii huula mbichi kabisa, lakini kwenye pwani ambayo huna hakika na maji ya jirani yako, dakika mbili hizo za moto ni kinga usiyopaswa kuiacha.

Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo amwulize daktari wake kwanza, kwa sababu ya madini ya joto yaliyomo, ingawa ni machache kuliko kwenye mwani mkubwa wa kahawia wa nchi za baridi. Anayeanza aonje kidogo, aone tumbo linasemaje. Nyuzinyuzi zake ni nyingi.

Kwenye kamba na kwenye mabwawa

Mkulima wa spinosum huiona Ulva kama magugu, na ana haki: hufunika kamba, huzuia mwanga, na uzito wake kwenye mawimbi hukata tai-tai, vile vijikamba vya kufungia mwani. Ibandue kwa mkono kila bamvua, kabla haijazidi kiganja. Usiiache ielee, kwani itanasa kwenye shamba la mwenzako au kutoa vijimbegu hapohapo. Kama maji ni safi kwa vigezo vya hapo juu, ya kijani kizima ni ya sufuria. Ikirudi kila mwezi kwa wingi, angalia kuna nini ufukweni: hoteli mpya, choo kilichojaa, mtaro. Kusogeza kamba kwenye kina zaidi husaidia mwani wako lakini hakuondoi chanzo.

Kwa wafugaji wa samaki aina ya mwatiko mwani huu una faida nyingine. Majaribio yaliyofanywa na watafiti Flower Msuya na Amir Neori kwenye mabwawa ya Makoba, Unguja, na kuchapishwa mwaka 2002, yalionyesha kuwa Ulva reticulata huondoa amonia kwenye maji yanayotoka bwawani. Weka mwani ndani ya kizimba cha wavu kwenye mfereji wa kutolea maji, karibu kilo moja kwa mita mraba, maji yakiwa yanapita muda wote. Kila wiki toa kilichozidi, ubakize kilo ileile. Ukisongamana, wa chini hukosa mwanga na kuoza. Kamwe usiuweke ndani ya bwawa la samaki lenyewe kwa wingi: usiku nao huvuta hewa kama samaki, na ukifa kwa joto la mchana bwawa zima hukosa hewa kabla ya alfajiri. Mwani wa mfereji huo usiule wewe kama bwawa linatiwa samadi; huo ni wa mbolea.

Mbolea yenyewe inahitaji mkono mwepesi. Uoshe kwa maji ya mvua kupunguza chumvi, uchanganye na majani makavu au makumbi yaliyokatwa, sehemu moja ya mwani kwa mbili za kikavu, na ugeuze kila siku tatu. Usiurundike mbichi peke yake. Rundo nene lisilopata hewa hufanya utando mgumu juu, na chini yake hujikusanya gesi ya mayai viza ambayo kwa wingi huua. Mwaka 2009 kwenye ufukwe wa Saint-Michel-en-Grève, Ufaransa, farasi alizama kwenye Ulva iliyooza akafa, na aliyempanda akapoteza fahamu. Ukikuta rundo la namna hiyo ufukweni, waondoe watoto na mbwa, simama upande upepo unakotoka, usilikanyage wala kulifumua, na uwaarifu wengine wa shehia kabla maji hayajajaa.